Kusoma Ilimu ya Kilimo ni Faradhi ya Kifaya

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi chini ya miguu yetu, akateremsha mvua, na kwa maji yale yale ya namna moja akatoa matunda yenye ladha mbalimbali. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu wa Mvita, Lamu, Malindi, Kilifi na Kwale, na wa kila mji wa pwani yetu: jambo tutakalo kulizungumza leo si la swala wala la saumu, lakini nalo lina hukumu yake katika dini, na hesabu yake tutaulizwa. Ni jambo la watoto wetu kwenda vyuo vikuu kusoma ilimu ya kilimo na mifugo, na ilimu ya misitu, maji na viumbe vya baharini, ambazo kwa pamoja huitwa ilimu ya kilimo na maliasili.

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotoka na majina ya waliopata nafasi vyuoni yanapotangazwa, husikika katika nyumba zetu maneno ya namna moja. Mtoto akipata udaktari, huchinjwa mbuzi. Akipata uanasheria au uhasibu, jamaa hupigiana simu kupeana hongera. Lakini akisema, "Nimepata kilimo," baba hukunja uso, na mama huinamisha kichwa kana kwamba ameletewa habari ya msiba. Wako wazazi wanaomwambia mwana aiache nafasi ile, akae dukani kwa mjomba wake mwaka mzima akingojea nyengine. Na hapo hapo huenda nyumba ile ina shamba la urithi lenye minazi na miembe, ambalo hapana hata mmoja katika wenyewe aliyelikanyaga kwa miaka kumi.

Je, huzuni hii ina msingi gani? Na tuipime kwanza kwa mizani ya dini yetu, kisha tuipime kwa hali ya dunia yetu ilivyo.

HUKUMU YAKE KATIKA DINI

Wanavyuoni wameigawanya ilimu ya wajibu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni faradhi ya aini, nayo ni ile impasayo kila Muislamu peke yake, kama kujua namna ya kutawadha na kuswali. Fungu la pili ni faradhi ya kifaya, nayo ni ile ambayo umma hauwezi kusimama bila ya kuwapo watu wa kutosha wenye kuijua. Wakiisoma baadhi ya watu kwa kiasi cha kutimiza haja, wengine wote huwa wamesalimika. Na wakiiacha wote, mji mzima huwa na dhambi, alimu wake na mjinga wake, tajiri wake na maskini wake.

Imam Ghazali, Mungu amrehemu, katika kitabu chake Ihyaa Ulumid-Din, ameweka katika fungu hili la pili ilimu ya tiba na ya hesabu, na kazi ambazo maisha ya watu hayasimami bila ya hizo. Na miongoni mwake amekitaja kilimo. Tena akawalaumu watu wa zama zake waliokuwa wakisongamana kusoma mabishano ya fikihi, ambayo wenye kuyajua walikuwa tele, na hali kulikuwa na miji isiyokuwa na tabibu Muislamu hata mmoja. Ghazali alifariki mwaka 1111. Lau angetembelea miji yetu leo, angetuuliza: ni wangapi kwenu wajuao udongo? Ni wangapi wajuao maradhi ya mnazi? Na tungemjibu nini?

Tazameni pia mahali Mwenyezi Mungu alipowasifu wenye ilimu kwamba hao ndio wamchao katika waja wake. Sifa hiyo imo katika Sura ya Faatir, aya ya 28, nasi huisikia mara nyingi juu ya mimbari ikisomwa peke yake. Lakini imetanguliwa na nini? Imetanguliwa na kutajwa mvua iteremkayo, na matunda yaliyotofautiana rangi, na milima yenye michirizi myeupe na myekundu na myeusi, kisha watu na wanyama na mifugo wa rangi mbalimbali. Hapo ndipo wanapotajwa wenye ilimu. Basi kijana mwenye kusoma mvua, na mimea, na miamba, na wanyama, hakutoka nje ya maneno yale. Yumo ndani yake, maadamu ilimu yake inamzidishia kumcha Mola wake.

Ama Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, wamepokea Bukhari na Muslim kwamba alifundisha kuwa Muislamu akipanda mti au akilima mmea, kila kitakacholiwa humo, na mtu au ndege au mnyama, huandikiwa yeye sadaka. Na katika mapokezi ya Muslim imo habari kwamba maneno haya aliyasema alipoingia katika shamba la mitende la mwanamke wa Kiansari, Ummu Mubashshir. Basi na ayasikie hayo mwenye kudhani kwamba shamba halimhusu mwanamke, na kwamba binti aliyepata nafasi ya kusoma kilimo amepotea njia.

YUSUF NA MAGHALA YA MISRI

Hapana kisa kinachoonyesha daraja ya ilimu hii kama kisa cha Nabii Yusuf, amani imshukie. Mfalme wa Misri aliota ndoto, na wakubwa wa baraza lake wakashindwa kuifasiri. Nabii Yusuf alipoifasiri hakuishia kusema kwamba njaa inakuja. Alitoa mpango wa kazi: walime miaka saba mfululizo, na watakachovuna wakiache katika mashuke yake, ila kichache watakachokula, ili iwe akiba ya miaka saba ya ukame. Hiyo ni ilimu ya kuhifadhi nafaka. Kisha alimwomba mfalme amweke juu ya maghala ya nchi, akataja sifa zake mbili zilizomstahilisha: kwamba ni mwenye kuhifadhi, na kwamba ni mwenye kujua. Hakusema yeye ni mwana wa fulani, wala hakusema ana jamaa barazani. Amana na ilimu, basi.

Na asidhani mtu kwamba mambo ya ghala yamepitwa na wakati. Mwaka 2004, katika nchi yetu hii ya Kenya, upande wa Ukambani, watu 317 waliugua na 125 katika hao wakafariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutoka katika kuvu inayoota juu ya nafaka iliyovunwa na kuwekwa kabla ya kukauka vizuri. Haina dawa mtu akishaila kwa wingi, lakini ina kinga: kuikausha nafaka mpaka unyevu wake ushuke chini ya sehemu 13 hivi katika 100, kuiinua isiguse sakafu, na kuitenga iliyotoboka. Maneno haya ni mepesi, na watu 125 walikufa. Basi je, mwenye kuijua ilimu hii na kuifikisha vijijini yuko mbali sana na daktari, ambaye kwa ajili yake tunachinja mbuzi?

DHARAU HII IMETOKA WAPI?

Yapasa tuseme kweli, hata ikiwa ni chungu. Dharau hii haikutoka katika dini. Imetoka katika tarehe yetu. Katika karne ya 19 mashamba makubwa ya Malindi, Mambrui na Takaungu yalilimwa na watumwa, na mtama wake ukapakiwa majahazini kupelekwa Arabuni. Mwaka 1907 utumwa ukabatilishwa kwa sheria katika pwani hii. Mashamba yakabaki mikononi mwa wenyewe, lakini wengi wao hawakujua kuyalima wala hawakutaka kujua, maana fikira ilikwisha kukaa vichwani kwamba jembe ni la mtumwa na kalamu ni ya muungwana. Watumwa wameondoka, na fikira ile ikabakia katika nyumba zetu, ikirithiwa na wajukuu pamoja na milango ya nakshi.

Tuilinganishe fikira hiyo na mwendo wa Mtume wetu. Salman Alfarisi, Mungu amuwie radhi, alipokuwa mtumwa wa Myahudi mmoja wa Madina, aliandikiana na bwana wake kwamba atakuwa huru akimpandia miche 300 ya mitende na kumlipa kiasi cha dhahabu. Imepokewa na Imam Ahmad kwamba Masahaba walimsaidia miche na kumchimbia mashimo, na Mtume mwenyewe akaipanda miche ile kwa mkono wake mtukufu. Kwa sisi, kupanda kulikuwa alama ya utumwa. Kwa Mtume kulikuwa njia ya kumwacha mtu huru. Ni nani, basi, aliyefuata ustaarabu wa Kiislamu?

Na Ansari, waliompokea Mtume na kugawana mali yao na Muhajirina, walikuwa watu gani? Walikuwa wakulima. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walipojadiliana ni chumo lipi lililo bora zaidi, Imam Mawardi alikitanguliza kilimo, kwa kuwa mwenye kukifanya humtegemea Mungu zaidi kuliko wengine. Imam Nawawi alisema bora ni kazi ya mkono, na ikiwa kazi hiyo ni kilimo basi ndiyo bora kabisa, kwa sababu manufaa yake huwafikia watu na wanyama.

Wako watakaotuuliza: mbona imepokewa katika Bukhari, kwa Abu Umama, kwamba Mtume aliona chombo cha kulimia akasema kwamba hakiingii nyumba ya watu ila huingia na unyonge? Hadithi hii ni sahihi, wala hatuifichi. Lakini tazameni Imam Bukhari alipoiweka. Kitabu chake cha kilimo amekianza kwa mlango wa fadhila za kupanda na kulima. Kisha, katika mlango wa pili, ndipo ameileta hadithi hii, na kichwa cha mlango kinaeleza kwamba makusudio yake ni kuonya juu ya mwisho wa mwenye kushughulika na vyombo vya kulimia akapita mpaka aliowekewa. Maana yake ni kwamba mtu asizamie shambani akaacha swala, na jihadi, na haki za watu. Onyo hilo linafaa pia kwa mwenye duka, na mwenye gari, na mwenye kalamu.

"BABU ZETU WALILIMA BILA YA CHETI"

Hii ndiyo hoja inayosemwa zaidi, na ina haki ya kujibiwa kwa upole. Ni kweli, babu zetu walikuwa na maarifa. Walijua majira ya vuli na masika, na mwezi wa kuchoma, na mbegu ya kuweka juu ya jiko ipate moshi. Maarifa hayo hatuyadharau, na chuo kizuri huyaheshimu. Lakini Mtume wetu alipofika Madina aliwakuta watu wakichukua chavua ya mtende dume wakiitia katika mtende jike, akaona huenda si lazima. Wakaacha, na mavuno yakapungua. Alipoelezwa, aliwaambia kwamba wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Hadithi hiyo imo katika Muslim. Mafunzo yake ni kwamba mambo ya mimea yana kanuni alizoziweka Mwenyezi Mungu, na kanuni hizo hujulikana kwa kuchunguza na kujaribu, wala hazijulikani kwa nasaba wala kwa dhana.

Tutoe mfano wa mnazi wetu wenyewe. Kila mwenye shamba anajua balaa ya vidaka kuanguka kabla ya kuwa vitale. Wengine wakidhani ni jicho la hasidi, wengine wakidhani ni ukame. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwingereza mmoja, M. J. Way, alikaa Unguja akichunguza jambo hili, na mwaka 1953 akachapisha matokeo yake. Aliona kwamba vidaka vinaharibiwa na mdudu mdogo anayevitoboa na kuvifyonza. Tena akaona kwamba minazi yenye majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi, husalimika, kwa kuwa chungu wale humfukuza mdudu yule. Na kwamba wako chungu wa aina nyengine wanaopigana na majimoto na kuwaondoa, na hapo ndipo mnazi unapobaki bila ya mlinzi.

Fikirini, ndugu zangu. Wakwezi wetu wameumwa na majimoto kwa karne nyingi, na wengi wakiwachoma moto kama maadui. Tunasoma Sura ya An-Naml kwa tajwidi nzuri, na aliyekaa chini ya mnazi akawahesabu chungu ametoka Uingereza. Aibu hii si ya Mwingereza. Yeye alifanya kazi aliyoisomea.

Mfano mwengine ni maembe. Mwaka 2003 alionekana katika pwani ya Kenya nzi mgeni wa matunda, asili yake Asia, anayetaga mayai ndani ya embe likiwa bado mtini. Embe huonekana zuri kwa nje, na ndani limejaa mabuu. Mwaka 2014 nchi yetu ilijizuia yenyewe kupeleka maembe katika soko la Ulaya kwa ajili ya nzi huyu, na soko lile halikufunguliwa tena mpaka mwaka 2021. Mambo ya kumpunguza yanajulikana: kuzika kwa kina matunda yaliyoanguka au kuyafunga ndani ya mifuko mpaka mabuu yafe, kutega mitego yenye harufu inayowavuta madume, na kuwaachia nyigu wadogo wanaoyashambulia mayai yake. Lakini shamba moja likisafishwa na la jirani likaachwa, kazi ni bure. Anatakiwa mtu aliyesoma, anayekijua kijiji na kusikilizwa msikitini, awakusanye wenye mashamba wafanye pamoja. Babu zetu hawakumjua nzi huyu, kwa kuwa hakuwapo. Je, tutamngojea nani?

KUNASOMWA NINI, NA WAPI?

Wengi wanadhani kwamba kijana akienda kusoma kilimo atapewa jembe na kufundishwa kufyeka. La hasha. Shahada hii kwa kawaida ni ya miaka minne, na husomwa humo kemia ya udongo, maradhi ya mimea na wadudu, uzao wa mbegu, malisho na afya ya mifugo, kumwagilia maji, hesabu za gharama na faida, na ugani, ambao ni ufundi wa kumfikishia mkulima ilimu katika lugha anayoielewa. Aliyechagua maliasili husoma misitu, vyanzo vya maji, wanyama wa mwituni, na uvuvi. Na mtoto ambaye alama zake hazikufikia shahada ana njia ya stashahada, nayo si haba.

Vyuo vipo, na kimoja kiko mlangoni petu. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kimesimama mahali palipokuwa taasisi ya kilimo. Kilifanywa chuo kishiriki mwaka 2007 na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kabete, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kilimo kinafundishwa tangu mwaka 1970. Na jirani zetu wa Tanzania wana Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, tangu mwaka 1984.

Ama Egerton, huko Njoro, historia yake ina somo kubwa kwetu. Kilianzishwa mwaka 1939 kuwa skuli ya kilimo kwa vijana wa walowezi wa Kizungu, na baadaye ndipo kikafunguliwa kwa watu wote na kufikia kuwa chuo kikuu. Walowezi wale walikuwa wamekwisha kujitwalia ardhi nzuri kuliko zote za bara. Pamoja na hayo walijua kwamba ardhi bila ya ilimu haitoshi, wakawajengea wana wao skuli. Sisi tulikuwa na ardhi ya pwani, na wana wetu tukawapeleka ukarani.

Wala ilimu hii si ya wageni kwetu. Abu Hanifa Addinawari, aliyefariki mwaka 895, aliandika kitabu kikubwa juu ya mimea. Ibnul-Awwam wa Ishbilia, katika karne ya 12, aliandika kitabu cha kilimo kinachotaja mimea 585 pamoja na udongo, samadi, maji na maradhi ya miti. Mwaka 1802 Wahispania walikichapisha kitabu hicho Madrid pamoja na tafsiri yake kwa lugha yao, ili kiwafae katika mashamba yao. Urithi wetu uliwafaa wengine, nasi jina lake hatulijui.

BAHARI, MIKOKO NA MASHAMBA YA WAKFU

Katika Sura ya Ar-Rum Mwenyezi Mungu ametueleza kwamba uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa yale waliyoyachuma watu kwa mikono yao. Nani katika pwani hii hauoni? Mikoko imekatwa, mawimbi yakala ukingo. Nyavu za matundu madogo zimekokota samaki wachanga, na mvuvi sasa huenda mbali zaidi kwa kitoweo kidogo zaidi.

Lakini Gazi, katika Kwale, kuna jambo la kutia moyo. Tangu mwaka 2013 wenyeji wa Gazi na Makongeni wanaulinda msitu wa mikoko wa hekta 117, katika mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wataalamu waliosomea bahari na misitu walipima kiasi cha hewa ukaa inayozuiwa na mikoko na matope yake, na kipimo hicho kikawawezesha wanakijiji kulipwa na watu wa nchi za nje kwa kuuacha msitu usimame. Fedha hizo zimetumika kwa maji ya kijiji na mahitaji ya skuli. Mikoko ilikuwapo siku zote. Kilichoongezwa ni ilimu ya kuipima, pamoja na uaminifu wa wenyeji: yale mambo mawili aliyoyataja Nabii Yusuf.

Na mashamba ya wakfu, je? Wakfu wa Sayyidna Umar, ambao wanavyuoni hurejea kwake katika mlango huu, ulikuwa shamba. Alipata ardhi Khaybar, akamtaka shauri Mtume, naye akamwelekeza kwamba asili yake aizuie isiuzwe wala isirithiwe, na mazao yake ayatoe sadaka. Shamba ambalo mazao yake yamekwisha, wakfu wake umebaki jina tu. Pwani yetu inayo mashamba ya wakfu yenye minazi iliyozeeka, ambayo hapana aliyepanda mche badala yake. Mnazi mrefu huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba hivi, kisha huzaa zaidi ya miaka hamsini. Aliyeweka wakfu alifanya sehemu yake. Msimamizi asiyejua kulitengeneza, wala asiyetafuta ajuaye, atamjibu nini siku watakapokutana mbele ya Mungu?

TUFANYE NINI?

Hatusemi kwamba kila anayehitimu kilimo hupata kazi siku ya pili yake. Wako waliohitimu na wanatafuta, kama walivyo wenzao wa fani nyengine. Wala hatusemi kwamba shida za hati za ardhi katika pwani hii zitaondoka kwa shahada. Tunasema kwamba kwa Katiba ya mwaka 2010 kazi za kilimo zilitiwa mikononi mwa serikali za kaunti, na kaunti zetu zinahitaji maafisa wa ugani. Ikiwa wana wetu hawakusoma, watakuja wa mbali, na hatutakuwa na haki ya kulalamika kwamba hawaijui lugha yetu wala miti yetu. Na asiyepata kazi ya mshahara, akiwa na ilimu na shamba la urithi la ekari chache, ana mahali pa kuanzia. Daudi, amani imshukie, pamoja na ufalme wake, alikula kutokana na kazi ya mkono wake.

Basi tunashauri mambo manne.

La kwanza, ewe mzazi, mwanao akija na habari ya kuwa amepata kilimo au maliasili, mpe hongera ile ile ambayo ungempa aliyepata udaktari, na umwonyeshe mipaka ya shamba la babu yake kabla hujafa nayo.

La pili, kamati za misikiti na vyama vyetu viweke mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa fani hizi, wa kiume na wa kike, ili wasilazimike kukopa mikopo yenye riba. Anayesaidiwa aandikiane nao kwamba akihitimu atatumikia shamba moja la wakfu kwa muda wa kiasi maalumu.

La tatu, walimu wa madrasa watie katika masomo yao kitabu cha muzaraa na musakati na zaka ya mazao. Mtoto ajue kwamba mazao yanayopasa zaka yakifika nisabu hutolewa sehemu moja katika kumi yakinyweshwa na mvua, na nusu yake yakinyweshwa kwa taabu na gharama. Kumbe Sharia yenyewe imekwisha kuhesabu gharama ya maji!

La nne, ewe kijana uliyekwisha kuingia chuoni, usione haya. Ukiulizwa unasoma nini, jibu kwa sauti. Shika swala yako, na usome kwa bidii kama asomaye ibada, maana ukinuia kheri, nayo ni ibada. Na ukihitimu, usiutupe mgongo mji wako. Njoo ukae barazani na wazee, uwasikilize kabla ya kuwafundisha.

Imepokewa kwamba Mtume alituelekeza kuwa hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Kiyama hakijasimama, na mche tunao. Tulio na uhaba nao ni wenye kujua kuupanda.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azibariki mvua zetu na mashamba yetu na bahari yetu, awafungulie wana wetu ilimu yenye manufaa, atuondolee kiburi kilichotutenga na ardhi aliyotuumba kutokana nayo, na awarehemu wazee wetu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiki, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.